Kilomita Tisini Kutoka kwa Kaka

Mwanaume akienda kuposa huvaa vizuri, hutanguliza wazee, na hujitahidi kufika kwa adabu. Kuvaa, Dulla alivaa. Hayo mengine aliyaharibu kabla hata hajabisha hodi.

Kwanza, hakuwa na wazee. Baba yake alikuwa Tanga, miguu imemgomea. Wajomba zake walikuwa Pangani. Hapa Durban alikuwa na marafiki wawili, wote madereva, na wote walikuwa na zamu Jumapili hiyo. Basi akamleta Bi Pillay awe mshenga wake. Bi Pillay alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne, Mhindu wa Glenwood, na Kiswahili chake kilikuwa "polepole" na "chumvi kidogo", basi.

Pili, na hili ndilo lililomponza, alikuja na gari-nyumba.

Halikuwa lile lenyewe alilomwendeshea Bi Pillay huko Ulaya. Lile lilikuwa la kukodi na lilirudishwa kwa wenyewe. Lakini Bi Pillay aliporudi Durban alinogewa, akanunua la kwake, kuukuu, jeupe, lenye vitanda na jiko na choo ndani. Mtaa wa Sydenham, alikokwenda kuposa, haujui tofauti. Kwa mtaa, gari-nyumba ni gari-nyumba, na fitina yote ya miezi miwili ilikuwa juu ya gari-nyumba. Dulla akaliegesha mbele ya geti la Shafiek, kaka wa msichana mwenyewe, likaziba geti lote.

Saarah, anayeposwa, aliliona kwa dirisha la jikoni, akashika kichwa.

"Ya Allah, Dulla," alinong'ona. "Hata Uber hukuiona?"

Lakini moyo haufundishiki. Dulla aliposhuka amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama, akainua macho kwenye dirisha lile na kutabasamu, Saarah alisahau gari, akasahau mtaa, akajikuta anajifuta mikono kwenye gauni lake la sherehe.

Walikutana kazini. Bi Pillay ana moyo dhaifu, na mumewe alipofariki alimwachia ramani moja ya safari ambayo wawili hao walikuwa wakiipanga tangu ujana wao: kufuata bahari kwa gari kutoka Tavira, Ureno, mpaka Sanremo, Italia, bila haraka. Akaajiri dereva. Akaajiri na mlezi wa kumpima presha na kumpa dawa. Dereva ndiye Dulla. Mlezi ndiye Saarah. Siku themanini na saba walifuata jua. Walikula dagaa wakubwa wa kuchoma kandokando ya barabara, wakaanika nguo kwenye kamba kati ya misonobari, na Bi Pillay akipika mchuzi wake wa Durban, Wajerumani wa magari ya jirani walikuja na sahani zao bila kuitwa. Kwenye maegesho matupu ya ufukweni Dulla alimfundisha Saarah kuliendesha lile dude. "Usiliogope," alimwambia. "Linajua wewe ndiye mwenye breki."

Huko Tarifa, mahali Ulaya inapoishia, walisimama wawili wakatazama milima ya Afrika ng'ambo ya maji. Dulla akasema, "Kwetu kule." Saarah akasema, "Kwetu wote." Hawakugusana. Lakini tangu siku ile kila mmoja alijua.

Sasa tuseme ukweli kuhusu Shafiek, maana atatuudhi sana kabla jua halijazama. Baba yao, Ismail, alipofariki Shafiek alikuwa na miaka kumi na tisa, na mama akafuata mwaka huohuo. Saarah alikuwa na miaka sita. Shafiek aliacha chuo cha dini, akaingia gereji kunyoosha mabodi ya magari na kupiga rangi, na akajifunza kusuka nywele za mtoto wa kike kwa kumtazama jirani. Glasi ikivunjika ndani ya nyumba, alimnyanyua Saarah, akamkalisha juu ya meza na kumwambia, "Kaa hapohapo, nitaokota mimi." Akaokota vipande vyote kwa vidole. Leo ana miaka arobaini na hajaoa. Akiulizwa kwa nini, husema, "Mimi mtoto ninaye tayari." Katika sheria ya dini, baba akiwa hayupo, kaka huyu ndiye walii. Yeye ndiye wa kumshika bwana harusi mkono na kutamka maneno. Asipotamka, hakuna ndoa.

Saarah alijificha nyuma ya pazia la ukumbini, kama mila inavyotaka, akasikiliza.

"Asalaam aleikum," alisema Dulla.

"Waaleikum salaam," aliitikia Mjomba Mahomed, kaka wa marehemu mama yao, aliyekuja kusaidia mambo yaende kwa heshima. Shafiek hakuitikia.

"Wazee wako iko wapi?" aliuliza Shafiek. Kiswahili cha bibi yake alikuwa nacho, lakini kilikuwa kimekaa gereji miaka mingi na Wakongo.

"Wako Tanga, kaka. Nimekuja na mama huyu. Ndiye aliyetuajiri, na alikuwa nasi siku zote. Anaweza kunishuhudia."

"Nimekuuliza wazee, wewe unaniletea bosi."

Bi Pillay, aliyedhani anatambulishwa, alitabasamu na kusukuma mbele sinia la sambusa lililofunikwa kanga. Alisema kwa Kiingereza kwamba Saarah ni binti mzuri kupita kiasi. Mjomba Mahomed akashukuru. Shafiek akatoa simu mfukoni, akaiweka mezani, uso juu.

"Huyu nani?"

Dulla aliinama akatazama. Ilikuwa picha ambayo Bi Pillay aliiweka mtandaoni bila ubaya wowote. Ilitoka kwake, ikaingia kundi la simu la akina mama wa msikitini, na kutoka hapo haikuhitaji miguu.

"Ni mimi, kaka."

"Unatoka wapi?"

"Natoka kuoga. Bafu lilikuwa humo ndani ya gari. Wao walishatoka, ndipo nikaingia mimi."

"Na huyu mlangoni?"

"Saarah."

"Kichwa wazi. Anacheka."

"Ule ni upepo wa Tarifa, kaka, unang'oa hata mabati. Mtandio ulipeperuka ukaangukia ndani ya sufuria ya Mama Pillay. Ndicho alichokuwa anacheka."

Nyuma ya pazia Saarah alijiziba mdomo. Alikumbuka sufuria. Alikumbuka pia Dulla alivyogeuza uso akatazama baharini mpaka yeye alipopata cha kujifunika.

"Usiku ulilala wapi?" aliuliza Shafiek.

"Nje. Nina hema."

"Siku themanini na saba kwenye hema."

Mtu mwerevu angesema ndiyo, akanyamaza. Dulla hakuwa na werevu wa namna hiyo.

"Themanini na tano," alisema. "Valensia mvua ilinyesha siku mbili, maji yakabeba hema. Nililala kwenye kiti cha dereva. Pazia lilifungwa, na Mama Pillay alikuwa..."

"Mbili!" Shafiek alisimama. "Umesikia, Mjomba? Amesema mwenyewe! Mbili!"

"Shafiek, kaa chini," alisema Mjomba Mahomed.

"Mtaa mzima unanicheka, mimi ninasema hapana, dada yangu hawezi! Kumbe iko siku mbili!"

"Kaka, Wallahi, hakuna..."

Ngumi ilimkuta Dulla na kiapo mdomoni. Alianguka pamoja na kiti. Sinia likaruka, sambusa zikatapakaa kwenye zulia, na Bi Pillay akapiga ukelele. Dulla aliinuka na damu kwenye kanzu nyeupe, akaweka mikono yake nyuma, akashika kiganja kwa kiganja.

"Nipige, kaka. Ukimaliza tuzungumze posa."

Maneno yale aliyasema kwa heshima, na ndiyo yaliyozidi kuchochea. Shafiek alimpiga tena. Na tena. Mjomba Mahomed alijaribu kumkamata mkono, akasukumwa akakaa.

Pazia likafunguka.

"Mwache!" Saarah alijitupa katikati yao. "Shafiek, mwache! Unamuua!"

"Rudi ndani."

"Sirudi! Unanijua mimi tangu nina miaka sita. Unamwamini nani, mimi au simu?"

"Nimesema rudi!"

Akamsukuma. Hakukusudia kwa nguvu ile, nami namwamini. Lakini mikono iliyonyoosha vyuma miaka ishirini na moja haina kidogo. Saarah aligonga ukuta kwa bega na paji la uso, akateleza mpaka sakafuni.

 Shafiek aliitazama mikono yake. Katika maisha yake hakuwahi kumgusa mtoto huyu kwa ubaya, hata alipovunja redio, hata aliporudi kutoka shuleni na barua ya mwalimu.

Mikono ya Dulla ikatoka nyuma.

"Mimi nipige mpaka kesho," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mkwe. "Yeye, hapana."

Alimpiga Shafiek kichwa cha tumboni, wakatoka wote wawili kwa mlango wa mbele, wakaangukia uani. Walipigana vibaya, bila ufundi, kama watu wasiokuwa na chuki ya kweli ila wamekosa pa kupitia. Kanzu ilichanika. Majirani walitoka. Mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara alikuwa anapiga kelele, "Haibo! Haibo! Someone stop them!" na hakuna aliyewasimamisha. Bi Pillay, mkono kifuani, alipenya pembeni, akapanda kwenye gari lake na kujifungia.

Shafiek alijichomoa. Alikwenda kwenye gari lake la kazi, akarudi na nyundo.

"Hili!" alisema. "Hili ndilo danguro lenu!"

Taa ya kwanza ikapasuka. Ya pili. Akazunguka ubavuni, akapiga dirisha, vioo vikamwagika barabarani. Akapiga bati, na kwa kuwa alikuwa fundi alijua pa kupiga: kila pigo liliingia ndani na kubaki shimo. Ndani ya gari Bi Pillay alikuwa analia kwa sauti nyembamba.

"Kuna mgonjwa mle!" alipaza sauti Dulla. "Ana moyo! Kaka, kuna bibi mzima mle ndani!"

Alikimbia akafungua mlango wa ubavuni amtoe yule mama. Mkono wake wa kulia ulishika fremu. Shafiek, aliyekuwa haoni tena wala hasikii, aliona mlango tu, na machoni pake ulikuwa ndio ule wa kwenye picha. Akaupiga teke kwa nguvu zake zote.

Mlango ulifunga juu ya vidole vya Dulla.

Saarah alikuwa amefika getini, paji limevimba. Kwa kazi yake anaijua sauti ya mfupa. Aliisikia kutoka pale aliposimama.

Dulla hakupiga kelele mara moja. Alitazama mlango, akamtazama Saarah, kisha akachuchumaa, mkono bado mlangoni. Mjomba Mahomed na jirani wao Ebrahim ndio waliouvuta mlango. Vidole vitatu vilikuwa vimelala upande usio wao.

"Usiutazame," alisema Saarah, ameshapiga magoti. Alivua mtandio wake hapohapo, mbele ya mtaa mzima, akaufunga ule mkono. "Nitazame mimi. Dulla, nitazame mimi. Hapa usoni."

"Nakutazama," alisema Dulla, meno yakigongana. "Umeumia kwenye paji."

"Nyamaza."

"Paka barafu."

"Nyamaza, mpenzi wangu, nyamaza."

Alilitamka neno hilo mbele ya kaka yake, mbele ya Ebrahim na mke wa Ebrahim na simu zilizoinuliwa. Shafiek alilisikia. Nyundo ilikuwa bado mkononi, akaipiga kwa mara ya mwisho kwenye sanduku la mizigo chini ya gari, bila kutazama, kama mtu anayefunga mazungumzo. Kifuniko kikaachia. Ukaanguka mfuko wa kijani, mrefu, uliofungwa kamba.

Saarah aliutazama. Akainuka, akaikata kamba kwa meno, akautikisa, na lile hema la Ulaya likafunguka barabarani juu ya vioo.

"Soma," alisema.

"Saarah..."

"Soma! Si uliuliza alilala wapi? Soma, kaka."

Kuanzia ukingo mmoja mpaka mwingine hema lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene. Dulla, kwa sababu zake mwenyewe, alikuwa akiandika kila usiku jina la mahali alipolala. Tavira. Tavira. Tavira. Cádiz. Tarifa mara sita. Almería. Valensia ilikuwa na mistari miwili mitupu, na pembeni ameandika "mvua, nimelala kwenye usukani". Kisha Marseille. Kisha Menton. Kisha Sanremo.

"Yeyote anaweza kuandika jana," alisema Shafiek, lakini alikuwa ameshachuchumaa.

Alipitisha kidole gumba juu ya maandishi. Kazi yake yote ilikuwa hiyo: kuchanganya rangi mpya ifanane na rangi iliyochomwa na jua. Anajua jua la mwezi mmoja na jua la miezi mitatu, na hakuna anayeweza kumdanganya hapo. Tavira ya kwanza ilikuwa imefifia mpaka karibu haionekani. Almería ilikuwa kijivu. Marseille ilikuwa na weusi kidogo. Sanremo ilikuwa nyeusi kabisa. Hakuna mtu duniani aliyeandika vile jana.

 Saarah alimwona akirudi kwa kidole kwenye Tavira ya kwanza, na kwa dakika ile alimhurumia kuliko alivyomchukia.

"Sema kitu," alimwambia.

Shafiek alisimama. "Mpeleke hospitali. Nitalipa gari la huyu mama."

"Na posa?"

"Posa hakuna."

"Umeona kwa macho yako!"

"Nimeona. Na yeye ameniona mimi." Aliinamisha uso. "Kila siku atakayokuja hapa atanikumbuka hivi. Siwezi kukaa meza moja na mtu aliyeniona hivi. Nenda, Saarah. Mfunge mkono, urudi nyumbani. Iko wanaume wengine."

Hicho ndicho kiburi. Mtu amekosa, anajua amekosa, halafu anamwadhibu aliyekosewa kwa kuwa shahidi.

 Saarah na Mjomba Mahomed walimnyanyua Dulla wakamweka kiti cha mbele, upande wa abiria. Bi Pillay, nyuma, alikuwa anajipima presha mwenyewe, akasema kwa Kiingereza kwamba yuko hai na kwamba mtu aendeshe, tafadhali. Saarah alizunguka, akapanda kwenye usukani, akafunga mlango. Kisha akashusha kioo.

"Kaka, njoo nikuambie cha Marseille."

Shafiek hakusogea, lakini alisikiliza.

"Marseille kuna Wangazija wengi. Tulikuta imamu wao, mzee mmoja mpole, Kingazija chake na Kiswahili cha Dulla vinapishana kidogo tu. Alitusikiliza. Akaniuliza, walii wako yuko wapi? Nikasema Durban. Akacheka, akasema binti, huko si mbali tu, huko ni dunia nyingine. Walii akiwa mbali kupita masafa ya kupunguza Sala, mimi naweza kusimama mahali pake. Nitawaoza leo baada ya Alasiri. Mimi nikasema sawa. Mimi, kaka. Nilikuwa tayari."

"Saarah, acha," alisema Dulla taratibu.

"Siachi. Yeye akakataa. Unajua alisema nini? Alisema, mkono ninaotaka kuushika ni wa kaka yake. Aliyemsuka nywele ndiye atakayeniambia nimekuoza. Tukangoja. Siku ishirini na nane zaidi yeye nje kwenye hema, mimi ndani, kwa sababu yako. Huu ndio mkono aliokuwekea." Aliunyanyua ule mkono uliofungwa mtandio, damu imeshapenya. "Huu hapa. Umeuona."

Akawasha gari.

Shafiek alitembea mpaka mbele, akasimama katikati ya taa mbili zilizopasuka. Nyundo ikaning'inia mkononi.

"Shuka."

"Toka mbele, kaka."

"Hospitali Mjomba atampeleka. Wewe shuka."

"Hospitali kwanza," alisema Saarah. "Akishafungwa mkono, nashika barabara kuu ya N3. Nikishapita Maritzburg, nasimama."

"Maritzburg kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna kilomita tisini."

Mjomba Mahomed alifumba macho. Ebrahim naye alielewa. Aliyeelewa kuliko wote ni Shafiek, kwa sababu alisoma chuoni kabla ya kuacha, na mlango huo wa fiqhi aliujua. Kilomita tisini ni mbali kuliko yale masafa ya kupunguza Sala. Huko mbele, mtu yeyote mwenye mamlaka ya dini angeweza kuitwa, akanawa mikono, akakaa pale ambapo baba yao angekaa.

"Nani atakuoza?" aliuliza.

"Sijui. Nitamkuta. Mtu nisiyemjua jina."

"Mtu asiyekujua aseme neno hilo juu yako?"

"Ndiyo."

"Juu ya mtoto wa Ismail?"

"Wewe umekataa kulisema." Machozi yalikuwa yanamshuka sasa, lakini mikono ilikuwa imara kwenye usukani. "Toka mbele, kaka. Linajua mimi ndiye mwenye breki, lakini leo mguu wangu siuamini."

Aliondoa breki ya mkono. Barabara ya pale ina mteremko. Gari lilijongea shubiri moja, bampa likagusa magoti ya Shafiek. Hakurudi nyuma. Lilijongea tena. Mke wa Ebrahim akalia. Mguu wa Saarah ulikanyaga, gari likasimama kwa kishindo, na wale wawili wakatazamana kwenye kioo, mtoto na aliyemlea, wote wanahema.

Nyundo ikaanguka.

"Hapana," alisema Shafiek. "Hakuna mwanaume mwingine atakayelisema. Mjomba! Ebrahim! Njooni hapa. Mashahidi."

Alizunguka mpaka dirisha la abiria, lile ambalo sasa halikuwa na kioo.

"Nipe mkono."

Dulla alimpa wa kushoto.

"Wa kulia."

"Umevunjika huo!" alipiga kelele Saarah. "Shafiek, umeuvunja mwenyewe!"

"Ndoa haifungwi kwa kushoto. Nipe."

Dulla alimtazama Saarah. Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kidevuni. Akajigeuza kwenye kiti, akautoa mkono ule na mtandio wake na damu yake, akaupitisha dirishani.

"Kaka," alisema, "huu ndio niliokuja nao."

Shafiek aliushika. Aliushika kama anavyoshika nyundo, mkono mzima, na Dulla akatoa sauti ambayo Saarah hataisahau. Mjomba Mahomed alikuja kwenye dirisha la upande wa pili.

"Saarah binti Ismail, umeridhia?"

"Nimeridhia."

"Mahari yako?"

"Lile hema," alisema Saarah. "Sitaki kingine."

Ebrahim akaliokota barabarani, akalikung'uta vioo, akaliweka mapajani mwa Saarah.

"Abdallah bin Salim," alisema Shafiek. Alikuwa analia kwa hasira, meno yamebanana, na kila neno alilikandamiza kwenye mkono ule. "Nimekuoza dada yangu Saarah, mtoto wa baba yangu, kwa mahari mliyokubaliana."

Dulla alifungua mdomo, maumivu yakamziba. Akajaribu tena.

"Nimekubali," alisema. "Nimekubali kumuoa. Kwa mahari hiyo. Nimekubali."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Shafiek hakuuachia mkono upesi. Aliutazama, kiganja chake chekundu, na taratibu vidole vyake vikalegea, akaurudisha ndani kwa mikono miwili, akauweka kwenye goti la Dulla.

"Nimemaliza kazi ya baba," alisema. "Sasa nendeni. Kwenye geti hili msirudi."

"Kaka..."

"Nenda, Saarah. Mkono wa mumeo unavimba."

Aliondoka dirishani. Saarah aliingoja sura yake igeuke mara moja tu, haikugeuka. Akaachia breki, gari likateremka taratibu, mabati yakigongana ubavuni. Bi Pillay aliuliza kwa sauti ndogo kama posa imekubaliwa. Dulla akacheka, akaumia, akamwambia ndiyo.

Chini ya mteremko robot, taa ya kuongozea magari, ilikuwa nyekundu. Saarah alisimama. Kioo cha upande wake kilikuwa kizima, na ndani yake aliuona mtaa wote: geti wazi, majirani wanarudi majumbani mwao, na kaka yake amepiga magoti katikati ya barabara. Alidhani anasali. Kisha akaona mkono unakwenda chini, unapanda, unakwenda chini. Alikuwa anaokota vipande vya kioo kwa vidole, kimoja kimoja, akivikusanya kwenye pindo la shati.

Robot ikawa kijani. Taxi ya nyuma ikapiga honi.

"Tunarudi?" aliuliza Dulla.

Saarah alijifuta uso kwa mkono wake, akaingiza gia, akakata kona kwenda hospitali.